Mgonjwa wa Akili Anapovuka Mnazi Mmoja



Historia ya afya katika jiji la Dar es Salaam aghalabu huandikwa kwa kuhesabu majengo. Tunaambiwa kwamba Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi, alitoa mali yake katika miaka ya 1890 ikajengwa hospitali iliyochukua jina lake. Tunaambiwa pia kwamba mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ilikuja kuitwa Muhimbili. Hayo yote ni kweli na yanafaa kukumbukwa. Lakini liko swali moja ambalo majengo hayawezi kulijibu, nalo ni hili: mgonjwa wa akili akishapewa dawa na kuruhusiwa kwenda kwao, anapokelewa na nani?

Makala haya yanalifuata swali hilo kwa kutazama eneo dogo tu la jiji, yaani uwanja wa Mnazi Mmoja na mitaa ya Kariakoo iliyo nyuma yake. Msomaji asichanganye na Mnazi Mmoja ya Unguja, ambayo nayo ina hospitali yake. Nimechagua eneo hili kwa kuwa hapa pande mbili za historia yetu zinatazamana. Upande mmoja iko hospitali na ofisi. Upande wa pili wako watu na vyama vyao. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu usiotimia saa moja. Hata hivyo ilichukua miaka mingi pande hizo mbili kujua namna ya kukabidhiana mgonjwa, na kazi hiyo haijakwisha.

UWANJA ULIOWEKWA ILI KUTENGANISHA

Wengi wetu tuliosoma mjini tuliukata uwanja wa Mnazi Mmoja asubuhi na jioni bila kujiuliza kwa nini mahali pale paliachwa wazi katikati ya mji uliosongamana. Jibu liko katika mpango wa mkoloni. Tangu mwaka 1891 Wajerumani waliugawa mji kwa aina za nyumba zilizoruhusiwa kujengwa. Waingereza, walioutwaa mji mwezi Septemba 1916, waliendeleza mgawanyo ule ule. Wazungu walikaa upande wa pwani, Wahindi katikati, na Waafrika wakawekwa Kariakoo. Baina ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa ukanda wa wazi, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, kwamba maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi.

Mkoloni aliogopa malaria na tauni. Huzuni ya mtu aliyetoka kijijini akajikuta peke yake mjini haikuwa katika hesabu zake. Alipojishughulisha na magonjwa ya akili alifanya hivyo kwa ajili ya amani ya barabarani, na dawa yake kubwa ilikuwa kumpeleka mgonjwa mbali.

LUTINDI NA MIREMBE

Mahali pa kwanza palipojulikana katika nchi yetu kwa kuwatunza wagonjwa wa akili kwa mtindo wa hospitali ni Lutindi, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi za shamba na za mikono zilikuwa sehemu ya matibabu. Lutindi ipo hadi leo.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilijenga hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Tangu hapo jina la Mirembe likaingia katika lugha yetu ya kila siku, na sote tunajua namna lilivyotumika. Mtoto akifanya upuuzi darasani, wenzake humwambia kwamba anafaa kupelekwa Mirembe. Yafaa tukumbuke kwamba mzaha huo ulikuwa na maana chungu kwa familia zilizokuwa na mgonjwa kweli. Dodoma ni mbali na Dar es Salaam zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya reli. Mgonjwa aliyepandishwa garimoshi kutoka mjini aliachana na mama yake, na jirani, na fundi aliyemfundisha kazi, na kijiwe alichokaa jioni. Alipopata nafuu baada ya miezi au miaka, alirudi kwa watu waliokwisha kuzoea kuishi bila yeye. Chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine na kazi yake ilikuwa na mtu mwingine. Hata akili ikiwa imetulia, maisha ya kuirudia hayakuwapo tena.

Wakati huohuo walikuwapo madaktari waliodai kwamba kosa liko katika akili ya Mwafrika mwenyewe. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba akili ya Mwafrika hufanya kazi tofauti na ya Mzungu. Jibu lilitoka Nigeria mwaka uliofuata. Daktari Thomas Adeoye Lambo, aliyekuwa na hospitali ya Aro karibu na Abeokuta, aliacha kuwafungia wagonjwa wote ndani ya ukuta. Wengine aliwapangishia nyumba kwa wanavijiji wa jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumtunza. Walikwenda hospitali kutibiwa kisha wakarudi kijijini kula, kulima na kuzungumza na watu. Waganga wa jadi nao aliwashirikisha. Lambo alionyesha kwa vitendo kwamba mtaa waweza kuwa sehemu ya matibabu endapo daktari ataufuata na kuuomba.

UPANDE WA PILI WA UWANJA

Je, Kariakoo yetu ilikuwa na nini cha kumpa mgonjwa? Ilikuwa na mengi. Mwaka 1956 ofisa mmoja wa serikali, J. A. K. Leslie, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1963. Mji wakati ule ulikuwa mdogo; hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilipata watu 128,742. Wengi waliishi katika nyumba za Kiswahili ambazo wazee wetu wanazikumbuka: ukumbi katikati, vyumba sita, vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele. Wapangaji walitoka makabila mbalimbali, lakini walitumia jiko moja la uani na choo kimoja. Katika nyumba ya namna hiyo mtu hawezi kujifungia siku tatu bila kuulizwa. Asipotoka kuchota maji, jirani hugonga mlango na kusema, “Hodi, kwema humo?”

Nje ya nyumba kulikuwa na vyama. Walikuwapo watu wa chama cha kabila, waliosafirisha maiti na kumpokea mgeni aliyefika mjini bila pa kulala. Walikuwapo watu wa kufa na kuzikana, wanawake wa upatu, vikundi vya lelemama na ngoma nyinginezo, vyama vya taarabu kama Egyptian na Al-Watan, na klabu za mpira zilizozaliwa katika miaka ya 1930, ambazo leo twaziita Yanga na Simba. Misikiti na makanisa nayo yalikuwa na vikundi vyao. Vyama hivi havikuitwa vya afya ya akili; hata maneno hayo hayakuwapo. Lakini mtu aliyefiwa alikuta mkeka umekwisha tandikwa, na mtu aliyeachika alikuta wenzake wa kumpigia vigelegele katika ngoma ya Jumamosi.

Zaidi ya hayo palikuwa na ngoma za uganga, mathalani madogoli ya Wazaramo. Mtu aliyeshikwa na maradhi ya moyo au akili alipigiwa ngoma, ndugu wakaitwa kutoka mbali, majirani wakahudhuria, na ugomvi uliofichwa ndani ya ukoo ukatajwa hadharani. Sisemi kwamba ngoma iliponya kila ugonjwa. Nasema kwamba ilifanya jambo ambalo wodi ya hospitali haikulifanya, yaani kuwakusanya watu wote wanaomhusu mgonjwa na kuwafanya waseme mbele yake kwamba wanamtaka arudi. Serikali yetu ilitambua thamani ya elimu ya waganga, na mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili katika Muhimbili.

Ni haki pia kusema ubaya wa mtaa. Wako wagonjwa waliofungwa kamba au minyororo uani, wako waliopigwa ili pepo atoke, na wako waliomalizwa fedha na watu waliojiita waganga. Vyama vyenyewe vilikuwa na kasoro moja kubwa iliyobakia hadi leo. Chama huishi kwa mchango. Mtu akiugua akili hupoteza kazi. Akipoteza kazi hashiriki mchango. Asiposhiriki jina lake hufutwa daftarini. Kwa hiyo yule anayehitaji chama kuliko wote ndiye anayekuwa wa kwanza kutoka. Wala hafukuzwi kwa ubaya, ila kanuni ndiyo iliyoandikwa hivyo.

WANASIASA WALIVYOVUKA KABLA YA MADAKTARI

Inashangaza kwamba watu wa kwanza walioutambua utajiri huu wa vyama na kuutumia kwa mpango hawakuwa watu wa afya, bali wanasiasa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na ofisi yake ilikuwa palepale ukingoni mwa Mnazi Mmoja, katika mtaa uitwao sasa Lumumba. Mwaka 1955 alipotafutwa mtu wa kuwaingiza wanawake katika chama, alipatikana Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kubandika matangazo ukutani. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na kwa wanawake wenzake wa mtaani, akazungumza nao mmoja mmoja, nao wakawaleta wanachama wao. Wanawake wakaingia TANU kwa maelfu.

Nataka vijana wauone utaratibu huo, maana ndio kiini cha makala haya. Bibi Titi alitafuta mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika, akamtafuta mtu anayeaminika mahali pale, akamwendea kwa miguu. Hospitali ya serikali ilikuwa karibu na vikundi vilevile, lakini haikuwa na mtu wa kufanya hivyo. Hata jengo la Arnautoglu, ukumbi wa jamii uliojengwa Mnazi Mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa msaada wa George Arnautoglu, mfanyabiashara wa Kigiriki, lilitumika kwa masomo, mikutano na starehe bila kuwa daraja la mgonjwa aliyetoka wodini.

BAADA YA UHURU

Mambo mawili yalibadili hali. La kwanza ni dawa. Mwaka 1952 huko Paris madaktari walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini, na katika miaka iliyofuata dawa hiyo na ndugu zake zikaenea duniani. Mgonjwa aliyedhaniwa kwamba atakufa ndani ya ukuta sasa aliweza kutulia na kurudi kwao. Mataifa tajiri yalianza kufungua milango ya hospitali zao kubwa. Marekani, Rais John F. Kennedy alitia saini mwaka 1963 sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii. Hospitali zikapunguza wagonjwa, lakini vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, na watu wengi wakaishia barabarani na magerezani. Hilo ni onyo kwa kila nchi: kufungua mlango si kazi ngumu, kazi iko katika kupokea.

Jambo la pili ni siasa yetu ya kujitegemea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilianzishwa kijiji cha wagonjwa wa akili huko Hombolo, mkoani Dodoma, ambako waliopata nafuu walilima na kufuga badala ya kukaa wodini. Vijiji vingine vya namna hiyo vilifuata, kikiwamo cha Vikuruti nje ya jiji la Dar es Salaam, kilichohusiana na Muhimbili. Wakati huohuo Muhimbili ilikuwa na idara yake ya magonjwa ya akili, hata mgonjwa wa Kariakoo hakulazimika tena kupanda garimoshi kwenda Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuutambua ugonjwa wa akili na kuutibu karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Miongoni mwa madaktari wa Kitanzania walioijenga taaluma hii na kuandika historia yake ni Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili.

Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli. Hata hivyo vijiji vilikuwa vijijini, na mpango wa majaribio ulikuwa mikoani. Mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo aliyetoka hospitali na pakiti ya vidonge alirudi kwenye chumba kilekile, na hapakuwa na mtu aliyeandikwa jina lake kwamba ndiye atakayemtazama. Palikuwapo balozi wa nyumba kumi, tangu miaka ya 1960, aliyejua nani amehama na nani amehamia. Lakini balozi alikuwa mtu wa chama na usalama. Si kila mgonjwa angependa ugonjwa wake ujulikane kwa balozi. Hapa tunaona tatizo ambalo bado linatusumbua: mgonjwa anahitaji mtu wa mtaani wa kumpokea, lakini ana haki ya kumchagua mtu huyo yeye mwenyewe.

SOMO LA UKIMWI

Daraja lenyewe lilijengwa wakati wa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa ya kuwapa. Hospitali ziliwarudisha watu nyumbani kufa, na nyumbani wengi walitengewa kikombe na sahani. Ndipo mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alipoanzisha pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam shirika la WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa kumtembelea mgonjwa nyumbani, kukaa naye, kuzungumza na watu wa nyumba yake na kumkutanisha na wengine walio katika hali hiyo. Mwaka 1992 likafuata shirika la PASADA chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ambalo lilianza na kikundi kidogo cha watu walioishi na virusi wenyewe.

Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, zilikuta njia imekwisha lainishwa. Kliniki ilikuwa na watu wa kumkabidhi mgonjwa. Aliyepimwa asubuhi aliweza kuambiwa, “Huyu dada alipita njia hii kabla yako, atakwenda nawe.” Katika kifua kikuu nako mgonjwa alitakiwa kumchagua msimamizi wa matibabu katika nyumba yake au mtaa wake, na waliopona walijiunga kuwasaidia wanaoanza. Msomaji atakumbuka njia ya Bibi Titi.

Wataalamu wetu walichunguza pia kama kikundi chaweza kupunguza mzigo wa moyo. Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, pamoja na wenzake, waliwakutanisha wajawazito wenye virusi katika vikundi vilivyoongozwa na wauguzi wakunga, wiki sita mfululizo, jijini humuhumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliohudhuria vikundi walielekea kuwa na sonona pungufu kuliko wenzao. Tofauti haikuwa ya miujiza. Lakini kikundi si dawa ya ghali, na mwalimu wake alikuwa mkunga wa kliniki ya kawaida.

Nje ya mipaka yetu mfano unaojulikana zaidi ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda, akiwa katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, hakuwa na chumba wala wauguzi wa kutosha. Aliwafundisha bibi 14 wa mtaani, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mgonjwa aliyesumbuliwa na kile Washona wanachokiita kuwaza kupita kiasi aliketi na bibi, akatafuta naye tatizo moja la kuanza nalo. Baadaye alipelekwa kwenye kikundi cha wenzake waliokwisha kupita hapo, wakikaa pamoja na kufuma mifuko huku wakizungumza. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba walioketi kwenye mabenchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nasi katika Kiswahili tunasema mtu “ana mawazo”, na kila mmoja anaelewa kwamba si mawazo ya hesabu. Lugha yetu imekwisha kuutambua ugonjwa. Kilichobaki ni benchi.

KARIAKOO YA LEO

Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008, na mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Jiji nalo si lile la Leslie. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Soko kuu la Kariakoo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka na kuua watu, huku wengine wakifukua kifusi kwa mikono kuwatafuta wenzao. Mfanyabiashara aliyepoteza mtaji wa miaka 20 kwa usiku mmoja huulizwa hasara yake ni shilingi ngapi. Ni wachache wanaomwuliza kama analala.

Nyumba nyingi za vyumba sita zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Baraza limeondoka pamoja na jirani aliyegonga mlango. Vyama havikufa: wako watu wa vikoba, wa dini, wa sokoni, wa mpira, na wa kijijini walioungana kwa simu. Lakini havijuani na kliniki, na kliniki haivijui. Mgonjwa bado anatoka na pakiti ya vidonge na tarehe ya kurudi. Vidonge vikiisha, au vikimfanya asinzie kazini, hana wa kumweleza. Anaviacha, ugonjwa unarudi, na watu wanasema dawa haikufaa kitu.

WAJIBU WETU

Historia hii inatupa sisi wa shule yetu kazi ambayo hatuhitaji fedha nyingi kuifanya. Kwanza, umoja wetu una daftari la michango ya misiba na magonjwa. Tuandike katika kanuni zetu kwamba mwenzetu anayeugua akili hafutwi kwa kukosa mchango, na kwamba ugonjwa huo ni ugonjwa kama mwingine wowote unaostahili kutembelewa. Pili, mwenzetu akiruhusiwa kutoka hospitali, tumwombe achague mmoja wetu wa kwenda naye siku ile ya kwanza, na siku ya kurudi kliniki, na siku yoyote atakapoona mambo yamezidi. Awe mtu mmoja mwenye jina, maana jambo lililoachiwa kamati halina mwenyewe. Tatu, wenzetu walio madaktari, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii wawe na orodha ya vikundi vya mtaa wanaohudumia, wajue mwenyekiti ni nani na hukutana siku gani, kama wanavyojua dawa zilizo katika kabati.

Nanyi wanafunzi, mnaishi bwenini au mnakaa dawati moja miaka minne. Hakuna daktari atakayetambua mapema kuliko ninyi kwamba mwenzenu haongei tena, halali, au ameacha mpira alioupenda. Msimwite wa Mirembe. Mwendeeni, kaeni naye, kisha mfuatane naye hadi kwa mwalimu mnayemwamini au kwa mhudumu wa afya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa ugonjwa huu wanaoficha huwa ni wengi kuliko mgonjwa mmoja.

Uwanja wa Mnazi Mmoja uliwekwa ili watu wasivuke. Wananchi waliuvuka kwa siasa wakapata uhuru, na baadaye wakauvuka kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Kwa mgonjwa wa akili tumevuka nusu ya njia. Nashauri hoja hizo tatu ziletwe katika mkutano wetu wa mwaka huu na kupigiwa kura.